Maji ya Kwanza: Maisha ya Maman Adélaïde M'Cishugi (1951–2024)

Marehemu Adélaïde M'Cishugi alizaliwa Nyangezi, Jumapili tarehe 11 Novemba 1951, akiwa mtoto wa nne wa Mzee Cishugi, mkulima, na wa Mama Nabintu. Cheti cha ubatizo kinasema alizaliwa tarehe 12. Mama yake alisema tarehe 11 mpaka anakufa, na kwa kuwa kati yake na cheti yeye ndiye aliyekuwepo, familia imefuata tarehe ya mama.

Nguo za nyumba ile zilifuliwa kijitoni, kwa kupigwa juu ya jiwe. Inasimuliwa kwamba Adélaïde, akiwa na miaka mitano hivi, aliuliza jiwe linafanya nini hasa: linaumiza uchafu au linaumiza nguo?

«Jiwe linanyamaza,» mama akamjibu. «Na wewe ufanye vile vile. Fua.»

Alifua. Kunyamaza kulimshinda.

Masomo ya msingi aliyafanya kwa masista kuanzia 1958 hadi 1964, kisha miaka miwili ya shule ya kazi za nyumbani. Vitabu vya alama vimehifadhiwa: kufuma: dhaifu; mapishi: anaweza zaidi; mwenendo: anauliza sana. Katika somo la kufua hakuna alama, kuna maneno tu, kwa mkono wa sista msimamizi: «Asikaribie tena chombo cha kuchemshia.» Chombo hicho kilikuwa pipa la zinki lenye bomba wima katikati. Moto ukiwaka chini, maji yanapanda ndani ya bomba yenyewe, yanatoka juu kama mwavuli, yananyeshea nguo, yanashuka, yanapanda tena, bila mtu kugusa. Wanafunzi wenzake waliliona pipa, wakashukuru kupumzika. Yeye alitaka kuona maji yanapata wapi nia ya kupanda, akainua kifuniko. Kovu la mkono wake wa kushoto, ambalo wajukuu walilijua kama saa isiyotembea, ni la siku hiyo. Alipoulizwa na sista kama amejifunza, alisema ndiyo: maji ya chini yakipata joto hukimbia, na njia pekee waliyoyaachia ni bomba.

Mwaka 1967 alishuka Bukavu, akaajiriwa katika chumba cha kufulia cha masista wengine. Alikaa humo miaka kumi na saba. Huko alijua vyombo vyote vya mkono: ubao wenye mifereji, ambao ngozi ya vidole inauzoea au inaondoka, kengele ya bati yenye mpini mrefu, inayosukumwa juu chini ndani ya maji mpaka nguo inapumua povu, na kikamulio, magogo mawili ya mbao yaliyobanwa pamoja, yenye mkono wa chuma wa kuzungusha. Nguo inaingia imelowa kama mtu aliyenyeshewa, inatoka upande wa pili bapa kama barua. Marehemu alisema kwamba hivi vyombo vina heshima: ukisimama, vinasimama, havijifanyi kujua zaidi yako.

Mwaka 1984 masista walipata mashine ya umeme, na vyombo vya zamani vikaamriwa vitupwe. Adélaïde akaviomba. Wabebaji watatu walikipandisha kikamulio mpaka Cimpunda, mtaa aliokuwa akiishi, kwa kupokezana, na mtaa mzima ukatoka kuuliza kama ni cha kukamua miwa. Aliweka vyombo vyake chini ya kibanda cha mabati nyuma ya nyumba, akaanza kufulia watu. Tunapaswa kusema ukweli kwamba alisaidiwa sana na maendeleo. Kila mashine ya umeme iliyoingia mjini ilimletea mteja mpya siku umeme ulipokatika, na umeme wetu unajulikana.

Mwaka 1986 parokia ilimkabidhi vitambaa vya altare. Hiyo ndiyo kazi aliyoithamini kuliko zote, na wasifu huu ungekuwa wa uongo kama ungeipita haraka. Vitambaa vinavyolala chini ya hostia, na vile vinavyopangusa kalisi, havifuliwi kama shuka. Kwanza vinaloweshwa katika beseni lao peke yao, ili chembe yoyote ya Mwili na tone lolote la Damu vibaki ndani ya maji. Maji hayo ya kwanza hayaendi mtaroni. Yanamwagwa juu ya udongo safi, pahali pasipokanyagwa. Adélaïde alizungushia mita moja ya ardhi nyuma ya kibanda kwa mianzi, na hata kuku wa Cimpunda, ambao hawaheshimu mpaka wa mtu, walizoea kupita mbali.

Aliyekuwa akiitaka kazi hiyo kabla yake, na baada yake, na wakati wake, ni Maman Georgette, mwenyekiti wa mamans wa parokia. Yeye alikuwa na mashine ya umeme iliyotoka Ubelgiji kwa mkwe wake, ikiwa na kila kitu ila umeme.

Ijumaa tarehe 5 Juni 1987 Adélaïde alifanya kosa. Doa moja la divai lilikuwa limekataa kutoka kwenye kitambaa, naye akataka kujua: je, kikipita kwenye kikamulio mara tu baada ya kuloweshwa, kabla ya sabuni, doa halitatoka na maji? Akavipitisha vyote. Doa likatoka. Alifurahi sana, na furaha ile ndiyo iliyomfunga macho. Jumamosi, baada ya saa sita mchana, alikuwa akizungusha mkono wa kikamulio kwa ajili ya shuka za mtu mwingine, akasikia tone la baridi juu ya mguu. Akatazama chini. Beseni kubwa lililokaa hapo siku zote halikuwepo. Ndipo alipokumbuka kwamba jana lilikuwepo, likipokea kila tone la kikamulio, na nini kilichokuwa kikisuuzwa ndani yake: nguo kumi na mbili za meza za Papa Gérard Ntaboba, mwenye nganda, yaani kilabu cha pombe, karibu na soko la Nyawera. Alikuwa amezipiga pasi asubuhi na kuzirudisha. Wakati ule zilikuwa mezani, chini ya chupa.

Alienda parokiani. Padri Isidore alikuwa barazani, akingojea waungamaji wa mkesha wa Pentekoste.

«Mon père, sikuje kuungama. Niko na swali.»

«Sema, maman.»

«Maji ya kwanza ya vitambaa vya altare ikiingia mu nguo ya meza ya mu nganda, ile nguo inakuwa nini?»

Padri Isidore alikuwa amesoma teolojia miaka saba. Akavua miwani.

«Nganda ya nani?»

«Ya Papa Gérard.»

«Na ile nguo iko wapi sasa?»

«Iko inafanya kazi, mon père.»

Padri akarudisha miwani machoni. Kisha akasema nguo zote kumi na mbili zirudishwe, ziloweshwe upya, na maji yamwagwe juu ya udongo wake, kabla ya misa ya kesho. «Kama moja itakosa, maman, vitambaa vya altare nitapatia Maman Georgette. Haiko azabu. Lakini batu watauliza, na mimi nitajibu nini?»

Adélaïde, aliyekuwa hajawahi kukanyaga nganda, aliingia ya Papa Gérard saa tisa alasiri ya Jumamosi akiwa na beseni kichwani. Muziki ulikuwa juu. Ulishushwa.

«Papa Gérard, nakuja kuchukua nguo za meza.»

«Zile ulileta asubui?» Papa Gérard, aliyefiwa na mkewe miaka minne iliyotangulia, mtu mnene na mpole, aliinua chupa ya mteja akachungulia chini yake. «Ju ya nini? Maman, hii iko nyeupe mpaka walevi wanaogopa.»

Jambo hilo lilikuwa kweli. Tangu saa nne asubuhi hakuna aliyemwaga bia. Familia haina maoni.

«Hazikutakata,» akasema Adélaïde.

Kwenye meza ya kwanza alikuwepo mwalimu Modeste, aliyekuwa akipumzika tangu Alhamisi. «Maman, miye niko naona nguo safi. Weye unaona nini?»

«Naona kazi yangu, mwalimu. Nyanyua chupa.»

«Na kama sinyanyue?»

«Basi utaniambia ulikuwa unafundisha nini jana.»

Mwalimu akanyanyua. Meza nyingine zikafuata, moja moja, kila mtu akishika chupa yake kifuani kama mtoto wa kubatizwa. Adélaïde alihesabu mara mbili. Zilikuwa kumi na moja.

«Ya kumi na mbili?»

«Eh! Ile niliazimisha Maman Georgette saa sita,» Papa Gérard akasema. «Ni ya meza ya mamans, kesho fête ya Pentekoste.»

Kati ya Nyawera na kwa Maman Georgette kuna mwendo wa robo saa. Marehemu alikiri baadaye kwamba aliutembea kwa saa nzima, akitafuta uongo mzuri, na kwamba alipofika mlangoni alikuwa hajaupata. Basi akasema ukweli wote, akiwa amesimama, beseni kichwani.

Maman Georgette aliufurahia ukweli huo, hakuficha. «Kumbe! Na ile kikamulio yako ya kizamani! Nilisema miye, nilisema mbele ya padri: apatie mutu wa mashine!»

«Ulisema, maman.»

«Mashine yangu unaweka, unafunga, inakwisha.»

«Na maji yake inatokaga wapi?» Adélaïde aliuliza. Waliomjua watasadiki kwamba hakuwa akibishana. Alitaka kujua.

Maman Georgette akamwonyesha bomba la plastiki nyuma ya mashine. Wote wawili wakainama, wakalifuata kwa macho: ukutani, tundu, mtaro wa barabarani, na mtaro unashuka mitaa yote ya Kadutu, upande wetu wa mji, mpaka ziwani, ukikusanya njiani kila kitu ambacho Kadutu haikitaki.

«Maji ya kwanza ingepita hapa,» Maman Georgette akasema polepole.

Hapo Adélaïde alikuwa na nafasi ya kunyamaza, akashindwa kama kawaida yake. «Apana, maman. Unaweza kulowesha mbele na mikono, mu bassin, unamwanga ku udongo, kisha unatia mu mashine.»

Maman Georgette akamtazama. «Kama nitalowesha na mikono, nimwange na mikono, sasa mashine ni ya kazi gani?»

Akaingia ndani, akatoka na nguo ya kumi na mbili, akaiweka mwenyewe juu ya zile kumi na moja. Jioni ile zote zililoweshwa na maji yakamwagwa ndani ya mianzi; padri hakuambiwa mengine. Jumapili ile ya Pentekoste meza ya mamans ilifunikwa kitenge, na vitambaa vya altare vikabaki Cimpunda.

Papa Gérard alileta nguo kumi na mbili Jumatatu iliyofuata. Zilikuwa safi. Alizileta tena Jumatatu nyingine, na nyingine, wala hazikuwa zimetumika. Alitaka kujua mwanamke yule aliona nini ambacho yeye hakukiona, na kila akiuliza alipewa kengele ya bati asukume. Baada ya miaka miwili ya kusukuma, alituma wazee kwenda kuposa. Wazee wa Nyangezi waliuliza kama ni yule wa pombe, wakajibiwa ndiyo, wakauliza kama ni yule anayefua, wakajibiwa pia ndiyo, wakatafakari, wakakubali. Ndoa ilifungwa parokiani tarehe 5 Agosti 1989. Usiku wa ndoa bibi harusi alimweleza habari za tone. Papa Gérard hakufunga nganda, kwa sababu alikuwa na watoto wa kusomesha, lakini nguo zile kumi na mbili hazikuonekana tena mezani. Wateja walipouliza, alisema zimestaafu.

Watoto wawili wa Papa Gérard, Gentil na Aurore, marehemu aliwalea kama waliotoka tumboni mwake, yaani kwa maswali mengi. Mwaka 1991 akamzaa Francine, akiwa na miaka arobaini kasoro miezi michache, siku moja baada ya kumaliza kufua.

Kuanzia 2019 vidole vyake vilivimba. Mwaka 2022 daktari akapata pia kasoro ya moyo, akamkataza maji baridi. Alimsikiliza vizuri, akauliza moyo nao unasukuma maji kwa joto au kwa kukamua, akaridhika na jibu, akarudi kufua. Mwezi wa Desemba 2023 mkono wa kikamulio ulimshinda. Toka hapo Francine ndiye aliyefua vitambaa vya altare, na mama akiwa kitini anasahihisha.

Jumatatu tarehe 4 Machi 2024 hakuweza tena kukaa kitini. Francine alilowesha vitambaa, na Papa Gérard, mwenye miaka themanini na mmoja, akaomba abebe beseni yeye. Aliporudi chumbani, mkewe alifungua macho.

«Umemwanga wapi?»

«Fasi yake.»

«Udongo umekunywa?»

Mvua ilikuwa imenyesha juma zima. Papa Gérard angeweza kusema ndiyo. «Bado,» akasema. «Iko inakunywa polepole.»

«Basi nenda ungoje.»

Alienda. Alisimama kwenye matope pembeni ya mianzi, beseni tupu mkononi, akitazama chini mpaka hakuna kilichong'aa tena. Ilichukua karibu nusu saa. Akarudi.

«Imekwisha,» akasema. «Imekunywa yote.»

«Ni vizuri,» akasema Adélaïde. Hakuuliza kitu kingine, na hapo ndipo familia ilipoelewa.

Alifariki kesho yake, Jumanne tarehe 5 Machi 2024, saa kumi na moja alfajiri, nyumbani kwake Cimpunda, akiwa na miaka sabini na miwili.

Ameacha mume, Papa Gérard Ntaboba, watoto watatu, Gentil, Aurore na Francine, wajukuu watano, mdogo wake Chantal, wa Luvungi, na Maman Georgette, ambaye si ndugu, ila ameomba aandikwe, na hakuna aliyethubutu kukataa.

Bwana alimpa muda wa kuuliza. Sasa ampe majibu na amani, na apumzike.