Palipoandikwa L, Pasomeke R

Tarehe 31 Desemba 1999, saa tisa na nusu alasiri, Bibi Teodora Mtesigwa atafunga kabati la masjala, atakabidhi funguo na kustaafu, baada ya kukitumikia Chuo cha Ufundi Lwanhima kwa miaka thelathini na miezi mitano kamili. Hilo "kamili" ni lake. Rasimu ya kwanza ya wasifu huu ilisema "zaidi ya miaka thelathini". Alipoiona juu ya meza ya mpiga chapa aliikata kwa kalamu nyekundu, akaandika hesabu pembeni. Bahati nzuri ulikuwa ukurasa wa kwanza tu. Kurasa zilizobaki mwandishi alizificha stoo, nyuma ya makopo ya rangi, na sababu yake itaonekana huko mbele.

Bibi Teodora alizaliwa karibu na Nansio, Ukerewe, akasoma kwa masista. Huko, kwa maelezo yake, mtoto aliyeshindwa kutenganisha r na l alibaki darasani mpaka herufi hizo ziachane. Alifika Lwanhima Agosti 1969 akiwa na cheti cha upigaji chapa na sanduku la bati. Mwaka 1971 alipewa ufunguo wa Ofisi ya Mitihani. Kwa miaka ishirini na mitatu iliyofuata hakuna alama ya mwanafunzi iliyobandikwa ubaoni kabla yeye hajaijumlisha mara mbili, kwenda chini na kwenda pembeni. Majibu ya pande mbili yasipolingana, alikuwa hali chakula cha mchana mpaka yalingane.

Hakubagua cheo wala shida ya mtu. Mwaka 1978 mtunza stoo wa chuo, Yeremia Shimba, mzaliwa wa Misungwi na ndiye mwandishi wa wasifu huu, alipeleka barua ya kuomba "luhusa" ya kwenda msibani. Ilirudi na mstari mwekundu. Ya pili ilikuwa na "ruhusa" safi kabisa, lakini ikamtaja "malehemu" baba mdogo. Ya tatu ilimrekebisha marehemu, kisha ikaharibika mwishoni kwa "naomba kuwasirisha". Mwandishi alifika msibani watu wakiwa wameshaanza kuondoka, ila nakala ya barua yake ipo masjala hadi leo na haina doa.

Sasa tuje kwenye kazi ambayo haimo katika faili lake, ambayo wengi wa watumishi wapya hawaijui. Mwaka 1994 Mwanza ilikuwa inabadilika haraka. Maduka yalijaa bidhaa, viwanda vya minofu ya sangara vilifunguliwa ufukweni, na wanafunzi wetu walivaa raba za mitumba ambazo hata walimu walizionea wivu. Upande wa pili, Serikali ilikuwa inapunguza watumishi. Hapa chuoni iliundwa kamati ya kupitia majina, na kila ofisi yenye watu wawili iliambiwa abaki mmoja. Ofisi ya Mitihani ilikuwa na makarani wawili. Stoo nayo ilikuwa na watu wawili.

Timu yetu ya mpira wa kikapu iliitwa Sangara, lakini wanafunzi waliiita Furu, samaki mdogo anayeliwa na sangara, kwa sababu kila aliyekutana nayo aliimeza. Mwaka uliotangulia ilicheza mechi tisa. Ilifungwa nane, na ya tisa ilishinda kwa sababu wapinzani hawakutokea. Kocha, Mwalimu Pius Luhaga, alisema ni mkosi. Bibi Teodora, aliyekuwa amepita uwanjani akielekea nyumbani, alimuuliza kama timu inatunza alama za mazoezi. Kocha akasema hapana. Bibi Teodora akamwambia basi asiseme mkosi, aseme hajui.

Wiki iliyofuata alitengeneza fomu. Alichora mistari kwenye stensili na kuzungusha nakala kwenye mashine ya kudurufu, kila mchezaji na mstari wake, kila tendo na herufi yake. R ilikuwa mchezaji *karusha* akakosa. R ndani ya duara ilikuwa karusha akafunga. L ilikuwa *kalisha*, yaani kampa mwenzake pasi iliyozaa kikapu. D alidaka mpira uliorudi, P alipoteza. Kila Jumatatu jumla ilibandikwa ubaoni, nje ya bwalo. Wanafunzi waliisoma kabla ya kusoma orodha ya chakula.

Mambo mawili yalionekana mapema. La kwanza, Mhoja, kijana mrefu wa mwaka wa pili aliyependwa na mashabiki, alikuwa akirusha mara kumi na kufunga mbili. La pili, Victor Okwach, mwembamba, mkimya, aliyetoka upande wa Shirati na ambaye hakuna aliyemshangilia, ndiye aliyewalisha wenzake. Kocha aliwapanga upya kwa kufuata karatasi. Sangara wakashinda mechi nne kati ya tano. Mkuu wa Chuo wa wakati huo aliinua fomu ya Bibi Teodora mbele ya kikao cha watumishi na kusema hiyo ndiyo kazi isiyo na kosa, na kwamba kamati inatafuta watu wa namna hiyo. Karani mwenzake wa mitihani alitazama chini.

Mechi ya sita ilileta tatizo dogo. Mchezo ulikuwa umeongezeka kasi, na Bibi Teodora, akiinua macho uwanjani na kuyarudisha kwenye karatasi, alianza kupitwa na matendo. Akahitaji mtu wa kumsomea yanayotokea ili yeye ainamie karatasi tu. Mtunza stoo alikuwa na macho mazuri na alikuwa mpenzi wa mpira. Akajitolea. Kwa mechi tatu alikaa kushoto kwake kwenye benchi, jenereta la jirani likinguruma, akataja namba na tendo kwa kasi, na kalamu ya Bibi Teodora ikafuata.

Baada ya mechi hizo tatu karatasi ilitoa habari ya ajabu. Mhoja alikuwa amebadilika. Hakosi tena, na analisha wenzake mara thelathini na moja. Wachezaji wengine wawili walikuwa na kumi na saba na kumi na sita. Okwach alikuwa na kumi na tano na vikapu vichache kuliko wote. Mwalimu Luhaga alishangaa kidogo, kwa kuwa macho yake hayakumwonyesha hivyo, lakini alikuwa ameshajifunza kuiamini karatasi kuliko macho. Fainali ya vyuo vya kanda ilikuwa Musoma siku ya Jumamosi. Landrova ya chuo ilibeba wachezaji wanane. Jina la Okwach lilikuwa la tisa.

Kwa Okwach haikuwa safari tu. Alikuwa mwaka wa mwisho, na wahitimu walikuwa hawapangiwi tena kazi na Serikali. Kiwanda kimoja kilichokuwa kinaunda timu kilikuwa kimetangaza kwamba kitatazama fainali ile na kuajiri fundi mmoja au wawili wanaojua kucheza. Asiyekwenda Musoma hatatazamwa.

Jumatano asubuhi alifika Ofisi ya Mitihani, akasimama mlangoni.

"Shikamoo mama. Sikuja kulalamika. Naomba tu kujua nimekosea wapi, nirekebishe."

Bibi Teodora alimjibu marahaba, akamwambia fomu haikosei, kisha akaitoa ili amwonyeshe. Kwa mazoea yake akajumlisha kwenda chini na kwenda pembeni. Jumla ya L za timu nzima kwa mechi tatu ilikuwa sabini na tisa. Jumla ya vikapu vilivyofungwa ilikuwa sitini na viwili. Mtu hawezi kulisha kikapu ambacho hakikufungwa. Alimwambia Okwach aende darasani, hakula chakula cha mchana, na saa nane akamwita mtunza stoo.

Hakumuuliza kitu. Alimpa kipande cha karatasi chenye maneno mawili, akamwomba ayasome kwa sauti. Mtunza stoo alisoma: kalusha, kalisha. Akamwomba arudie haraka, kama siku ya mechi. Alirudia mara tatu, na mara ya tatu yeye mwenyewe alisikia. Mhoja hakuwa amemlisha mtu. Alikuwa amerusha na kukosa, kama kawaida yake, na ulimi wa Misungwi ukamgeuza mkarimu. Bibi Teodora alivua miwani, akaipangusa, akaivaa tena, akachukua kalamu nyekundu.

Kazi ya kurekebisha haikuwa ngumu. Kila L ambayo haikufuatwa na duara la mchezaji mwingine ilikuwa R. Kufikia saa kumi na moja, sabini na tisa zilibaki thelathini na tatu. Mhoja alishuka kutoka thelathini na moja hadi saba. Wale wawili walibaki na sita kila mmoja. Okwach alipoteza moja tu, akabaki na kumi na nne.

Ugumu ulikuwa kwingine. Kamati ilikuwa inakaa Alhamisi. Wote wawili walijua kwamba karani aliyesifiwa kwa kazi isiyo na kosa, akibandika makosa arobaini na sita siku hiyohiyo, anajipeleka mwenyewe. Angeweza kumnong'oneza kocha amwongeze Okwach, karatasi ikaachwa ilivyo. Angeweza pia kueleza ukweli, kwamba aliandika kile alichotajiwa, na kamati ingemtazama mtu wa stoo. Mtunza stoo aliyaona yote hayo na akaogopa. Alisema, kwa sauti ndogo kuliko aliyokuwa akitajia namba za wachezaji, kwamba yuko tayari kwenda kueleza.

"Bwana Shimba," Bibi Teodora alisema, "aliyeshika kalamu ni mimi. Nenda kafunge stoo yako."

Naye akaenda akaifunga.

Alhamisi saa mbili asubuhi ubaoni kulikuwa na karatasi mpya yenye kichwa MASAHIHISHO. Ilisema kwamba katika fomu za mechi ya sita, ya saba na ya nane, palipoandikwa L, pasomeke R, katika nafasi arobaini na sita zilizoorodheshwa. Sababu: karani alisikia vibaya. Chini yake, T. Mtesigwa. Mwalimu Luhaga aliisoma akiwa amesimama na kikombe cha chai, akaingia ofisini, akatoka na orodha nyingine ya wanane.

Musoma tulifungwa kwa pointi mbili. Okwach alilisha mara kumi na mbili, na safari hii Bibi Teodora aliandika peke yake, akiinua na kuinamisha kichwa mpaka shingo ikamuuma siku nne. Kiwanda kilimchukua Okwach. Alifanya kazi huko miaka mitatu, kisha akarudi kwetu, na leo ni mwalimu wa karakana ya uchomeleaji. Mhoja ana duka la vipuri Usagara na bado anasimulia msimu aliolisha wenzake mara thelathini na moja. Hakuna aliyemwambia, na ni vizuri iwe hivyo mpaka wasifu huu umfikie.

Kamati haikumpunguza Bibi Teodora. Ilimwondoa Ofisi ya Mitihani, kwa maelezo kuwa mitihani haihitaji mtu anayesikia vibaya, ikampeleka masjala, ambako karani aliyekuwapo alikuwa ameomba mwenyewe kuondoka. Ufunguo alioushika miaka ishirini na mitatu aliukabidhi kwa karani mwenzake siku ya Jumatatu. Aliyeshuhudia makabidhiano alisema Bibi Teodora alimwonyesha hata tundu la kufuli linalokwama. Stoo ilibaki na Yeremia Shimba.

Kwa miaka mitano masjala na stoo zimetazamana, mlango kwa mlango. Katika muda huo Bibi Teodora amepanga upya mafaili mia tisa, amegundua watumishi wawili waliokuwa na namba moja, na amezirudisha barua za Wakuu wa Chuo wawili. Watumishi wapya wamezoea kumtania kwa upole, wakiongea naye kwa sauti kubwa, kwa kuwa waliambiwa hasikii vizuri. Anasikia vizuri sana. Hajawahi kuwasahihisha, na kwa anayemjua, hicho ndicho kitu pekee katika maisha yake alichokiacha bila kalamu nyekundu.

Wasifu kama huu huandikwa na mtu asiyesema "mimi". Nimejitahidi mpaka hapa, lakini nimeona haya miaka mitano na sitaki kuona haya wakati yeye yuko Nansio na mimi niko hapa nikihesabu misumari. Kamati ile imekwisha, watoto wangu wamemaliza shule, nami sina tena cha kujificha nyuma yake isipokuwa makopo ya rangi. Kwa hiyo naomba ubao wa bwalo unipe nafasi.

Bibi Teodora, chuo kinakushukuru kwa miaka thelathini na miezi mitano kamili. Tunakutakia siku njema Ukerewe, chakula cha mchana kwa wakati wake, na majirani wanaoandika barua safi. Ukikuta kosa popote humu, likate. Haya ya chini tu nakuomba uyaache.

MASAHIHISHO. Katika karatasi iliyobandikwa ubaoni mwaka 1994, palipoandikwa "karani alisikia vibaya", pasomeke "mtunza stoo alitamka vibaya, na karani alisikia vizuri".

Y. Shimba, Mtunza Stoo. Yamesomwa kwa sauti mara tatu kabla ya kuchapwa.