Mkopo Ambao Eleri Hakuukopa: Risala ya Wanafunzi Watu Wazima wa Cwm Helyg

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Mbunge wetu, Bi. Rhiannon Prosser,
Mkuu wa Chuo, Bwana Alun Tudor,
Mchungaji uliyetuazima chumba hiki,
Wanachama wenzetu, na ninyi watoto mnaokula vikeki kabla ya wakati:

Kitendawili!

Tunajua Mheshimiwa atajibu "tega", maana tumeshamnong'oneza mlangoni. Haya, tunatega: sijakiomba, sijakipokea, sijakitia mfukoni, lakini kila mwezi naambiwa nimekila.

Fikiri taratibu, Mheshimiwa, chai bado ya moto. Ukishindwa utupe mji. Usitupe London, ni mkubwa mno na kodi zake hatuziwezi. Tupe mji mdogo tu, wenye basi la Jumapili. Jibu utalipata hukohuko mbele, wala hatutakuchelewesha.

MAKARIBISHO

Mgeni rasmi, karibu sana bondeni kwetu Cwm Helyg. Tumesikia kwamba umevuka mlima kwenye mvua na kwamba kondoo walikusimamisha njiani. Usiwachukulie vibaya, hata daktari wanamsimamisha. Vikeki vilivyo mbele yako vimeokwa juu ya bamba la chuma na Bwana Gethin Rosser, ambaye aliendesha basi la bonde hili miaka ishirini na sita kabla mgongo haujamkatalia, na sasa anasomea kompyuta. Ameomba tuandike kwamba vile vilivyoungua vilikuwa vya majaribio.

TULIVYOANZA

Umoja wetu ulianza miaka minne iliyopita, na watu watatu na birika moja. Leo tuko kumi na mmoja. Sote tuna watoto au wajukuu tunaowalea, na sote tumerudi kusoma tukiwa tumeshajua bei ya viatu. Mimi ninayeisoma risala hii, Nesta Beynon, ndimi mkubwa wa wote kwa umri. Masomo yangu yaliishia shule ya msingi ile ya juu ya kilima, nilipotolewa nikamuuguze mama. Wenzangu wamenichagua kusoma, si kwa sababu nasoma vizuri, bali kwa sababu sina aibu.

Kila Alhamisi mchana tunakutana humu ndani. Siku hiyo tunaiita Alhamisi ya Bahasha, na ina sheria moja tu: hakuna anayefungua barua yake mwenyewe. Kila mtu anaweka mezani bahasha zake za kahawia, kisha mwenzake anafungua na kumsomea. Tuligundua kwamba barua ya ofisi ukiisoma peke yako jikoni inakuwa na meno, lakini ikisomwa na Gethin kwa sauti yake ya kutangaza vituo, unaweza hata kucheka. Siku hizi ofisi zinaandika kwenye simu, basi tunabadilishana simu. Kwa hiyo, Mheshimiwa, hapa hakuna siri. Tunajua hata nani anadaiwa kitabu na maktaba, na tangu lini.

TULIYOYAFANIKISHA

Wenzetu wanne wamekwisha kuhitimu. Mmoja anafundisha katika shule ileile iliyomfukuza akiwa na miaka kumi na mitano, na ameshapewa funguo za ofisi. Watoto wetu wanatuona tukifanya kazi za nyumbani, nao wanatukaripia tukichelewa kulala. Mjukuu wangu alinisahihishia hesabu za sehemu, akanipa nyota.

Tunaishukuru Serikali kwa ruzuku. Tunashukuru kwamba kipande cha vitabu na nauli hakiguswi ofisi ya posho, ile inayotusaidia kila mwezi sisi wenye kipato kidogo, inapofanya hesabu zake, na kwamba kiangazi, chuo kikifungwa, mkopo hauhesabiwi kuwa kipato. Mazuri tunayaona, ndiyo maana kuna vikeki.

YANAYOTUKWAZA

Sasa, Mheshimiwa, tuje kwenye kitendawili. Hapa tutakueleza habari ya mwenzetu Eleri Maddock, ambaye ameturuhusu tumtaje kwa jina. Ni yule pale aliyeshika birika. Ana miaka thelathini na minne, ana watoto wawili, Osian na Mali, anawalea peke yake. Yuko mwaka wa pili wa ualimu wa watoto wadogo, na walimu wake wanasema akiingia darasani hata mtoto anayelia husita kwanza amsikilize.

Eleri ni mtoto wa Menna Maddock. Watu wa bonde hili wanaelewa maana yake, lakini kwa faida ya mgeni tuseme kidogo. Menna alipokuwa analea, kulikuwa na bwana wa mkoba aliyekopesha mashuka na makoti ya watoto, akapita kukusanya kila Ijumaa. Ijumaa ambazo hela haikuwepo, Menna na wanawe walijificha nyuma ya kochi, kimya, mpaka viatu vyake viondoke mlangoni. Eleri anasema bado anaikumbuka harufu ya lile zulia. Alipofikisha miaka kumi na minane alimpa mama yake ahadi: mimi sitakopa, maisha yangu yote.

Basi alipojiandikisha chuoni, fomu ilikuwa na sehemu mbili. Ruzuku, akaandika nataka. Mkopo wa kujikimu, akaandika sitaki. Akapiga hesabu zake: ruzuku, na posho ya familia, na Jumamosi zake pale duka la mikate, akaona yanatosha kwa kubanabana. Alifurahi siku ile, akatununulia chipsi sote.

Ikafika Alhamisi ya Bahasha. Simu ya Eleri ikaangukia mikononi mwa Gethin.

"Eleri mwanangu, kaa kwanza."

"Soma tu, Gethin, nina basi la saa nane."

"Posho ya mwezi huu imekatwa, na si kidogo. Wanasema ni kwa ajili ya mkopo wako wa masomo."

"Mkopo upi?"

"Wa masomo."

"Mimi sijakopa hata kijiko cha sukari!"

"Mie nasoma tu, mama. Hapa wameandika unao."

Tukapiga simu ofisi ya posho, tukaiweka mezani ili sote tusikie. Muziki wa kungojea ulipigwa dakika arobaini, hata Gethin akaanza kuuitikia sauti ya nne. Hatimaye akapokea kijana mmoja mpole, na kwa kweli hatuna ugomvi naye.

"Mama, hatuangalii mkopo uliouchukua," alisema. "Tunaangalia ule ambao ungeweza kuuchukua."

"Ningeweza?" Eleri akauliza.

"Ndiyo, mama. Sheria inauhesabu kuwa kipato chako, kama unao."

Hapo nilishindwa kujizuia. "Mwanangu, hata mimi ningeweza kuolewa na mwenye mgodi. Mbona hamjaniletea gari?"

"Nani huyo?"

"Ni Bibi Nesta," akasema Eleri. "Msamehe."

"Hapana, ana hoja," yule kijana akajibu. "Ila kompyuta yangu haina mahali pa kuandikia hoja."

Mheshimiwa, jibu ndilo hilo: ni mkopo uliokataliwa. Hukuuomba, hukuupokea, na umekwisha kuula. Mji wako tunaudai.

Tunacheka, maana tusipocheka birika litapoa. Lakini tangu siku ile Eleri anakatwa kila mwezi kwa ajili ya hela ambayo hajaiona. Osian alikuwa aende na darasa lake kuona jumba la makumbusho, hakwenda, hela haikuwepo, akawaambia wenzake tumbo linamuuma. Jumamosi za duka la mikate zimeongezwa Jumapili, na Jumapili ndiyo siku aliyokuwa akisoma. Chuo kimemwambia bado ana muda wa kuuomba mkopo, hata sasa, na makato yaliyopo hayatazidi, kwa kuwa anakatwa tayari. Kwa hiyo amebaki na njia mbili. Ama akope, avunje ahadi aliyompa mama yake. Ama aache masomo. Fomu ya kuacha anatembea nayo kwenye begi, ameshaijaza yote isipokuwa tarehe, na mwisho wa kuipeleka ni kesho Ijumaa.

Kwa majuma matatu tumemuuliza, kila mtu kwa namna yake: Eleri, unabaki au unaondoka? Naye kila mara anainuka na kuuliza nani anataka chai. Hatujawahi kunywa chai nyingi namna hii.

Yapo na mengine. Mkopo wenyewe, kwa sisi tulioukubali, huja mara tatu kwa mwaka, lakini makato huja kila mwezi, hivyo kila mtu lazima ajifunze kuigawa hela ya Septemba ifike Krismasi, wakati Septemba ndiyo ina sare za shule. Na yupo mwenzetu aliyeomba ruzuku ya malezi ya watoto bila kujua kwamba huwezi kuipata huku posho ikikulipia malezi hayohayo. Alitumia kiangazi chote kuandika barua za kuomba radhi kwa kosa ambalo hakulijua. Lakini la Eleri ndilo lililotufanya tukualike.

MAOMBI

Mgeni rasmi, hatuombi jengo. Chumba hiki kinavuja kona moja tu, na tunaijua.

Tunaomba kwanza, huko Bungeni, uwaulize wenzako swali jepesi ambalo hata watoto hawa wanaliweza: kitu ambacho mtu hana, kinahesabiwaje kuwa anacho? Ukipata jibu, utuletee, tutalisoma Alhamisi.

Pili, kama sheria ni ngumu kubadilika upesi, basi fomu ya mkopo iseme mapema, ukurasa wa kwanza, kwa herufi ambazo mimi naweza kuzisoma bila miwani: hata ukikataa, utahesabiwa. Eleri angelijua hilo siku ya kwanza, angekaa na mama yake wakalizungumza kwa nafasi yao, si kwa kukimbizwa hivi.

Halafu makato yafuate hela inavyoingia. Na pale ofisini wampe yule kijana mahali pa kuandikia hoja.

HITIMISHO

Mheshimiwa, umekaa nasi, umekula hata kikeki kile cha majaribio. Mungu akurudishe salama, barabara ikukaukie, kondoo wakupishe, na nyumbani ukute moto umewashwa na mtu anayekungoja. Watoto wako na wa kwetu wakue wakijua kusoma, na wasiogope barua.

Mstari wa mwisho wa ukurasa huu niliuacha mtupu tangu Jumatatu, kwa kuwa hatukutaka kukusomea habari ya Eleri bila mwisho wake. Leo asubuhi tulipokuwa tunapanga viti, alikuja akaniinamia begani.

"Bibi Nesta, hapo bado hujaandika?"

"Niandike nini, nawe hujanijibu? Unabaki au unaondoka?"

Akavuta kiti, akaketi.

"Andika nabaki. Jana nimeuomba mkopo. Na mama nimemwambia mwenyewe, kabla sijabonyeza kutuma."

"Akasemaje?"

"Alichukua kisu, Bibi. Akamenya viazi vyote, mpaka vya kesho. Kisha akasema, 'Haya, bonyeza. Lakini huyo Mbunge akija, mwambieni nimelia.'"

Ni sisi,
Umoja wa Wanafunzi Watu Wazima wa Cwm Helyg,
Chumba cha Nyuma, Kanisa la Saron.