Mashine ya Damu Inayosubiri Utepe Ukatwe

Mgeni rasmi, mheshimiwa mwanetu, karibu wodi ya vifua. Kiti hicho kizima. Tumekikalia wenyewe tangu asubuhi kukijaribu.

TULIKOTOKA
Sisi ni mabibi tunaouguza wajukuu wenye pumu. Tulianza kwa kugombania ndoo ya kufulia, tukachoka, tukawa kikundi.

TUNAYOJIVUNIA
Sasa tunajua kumpulizia mtoto pampu ya pumu. Mwenzetu mmoja alijipulizia mwenyewe, tena na tena, ili atuonyeshe mfano. Dawa ikamtetemesha mikono mpaka mchana. Akasema ni furaha ya kuelimika.

KINACHOTUKWAMISHA
Mtoto akibanwa kifua na homa juu, jicho la daktari halitoshi kujua kama ni pumu tupu au vijidudu vimeingia. Damu humsaidia: kuna vitu ndani yake hupanda sana mwili ukipigana na vijidudu. Bila kipimo, wajukuu wanapewa dawa za vijidudu kila wakikohoa, "kwa tahadhari." Wao wanaharisha, sisi tunafua.

Mashine ya kupimia ipo. Ndiyo hiyo nyuma yako, yenye utepe mwekundu. Iliagizwa isiguswe mpaka uje uizindue. Ukaahirisha. Ukaahirisha tena. Tumeifuta vumbi mpaka kuna mtoto anaiamkia shikamoo.

Leo asubuhi mwenzetu, Bibi Mkongojo, kaingia na mjukuu anayehema mbavu zikibonyea. Pampu kapewa. Dawa za vijidudu daktari anasita, maana safari iliyopita zilimtoa vipele mwili mzima.

"Ningepata kipimo, bibi, ningejua."

"Si hicho hapo, mwanangu?"

"Kina utepe."

"Utepe! Mimi nimekata vitovu vya nusu ya mtaa, utepe ndio unishinde?"

Msimamizi wa wodi akaukalia mkasi wa kukatia utepe. Mpaka sasa ameukalia.

OMBI
Tulikuwa na maombi mengi, la choo likiwa mbele. Tumeyafuta yote. Hotuba yako tunaiona, ni nene. Iweke chini kwanza. Damu ya mtoto imeshatolewa, nesi yule mlangoni kaishika mkononi. Msimamizi, hebu nyanyuka. Kata, baba. Picha utapigwa, vigelegele tutapiga, kisha tutakusikiliza mpaka jioni, hata ukizungumzia barabara.

Mungu akujalie afya, na wajukuu wasiojua kukohoa.

Ni sisi, Mabibi wa Wodi ya Vifua. Bibi Mkongojo hakusimama nasi, amempakata mtoto.