Kumuaga Mzee Futi wa Stoo ya Viti vya Kuogea

Ijumaa hii, tarehe 28, saa nane mchana, Mzee Futi atakabidhi funguo za stoo ya vifaa saidizi baada ya kutumikia miaka thelathini na mmoja, miezi minne na siku kadhaa ambazo ofisi ya utumishi bado inabishana naye. Kamati ya sherehe imeniomba niandike kurasa mbili za kumuaga, zichangamke, zisimlize mtu. Nitajaribu. Ila niseme mapema kwamba mwandishi wa wasifu huu ndiye anayekabidhiwa funguo hizo, na tangu aambiwe hivyo hajala akashiba.

Kwa wageni wetu wasiotujua: stoo iko mwisho wa korido ya kitengo cha mazoezi ya viungo, mkabala na chumba cha kufulia. Mna magongo humo, mna viti vya magurudumu, na zaidi ya vyote mna viti vya kuogea. Mtu aliyepata kiharusi, aliyevunjika nyonga, au ambaye magoti yamemgomea, hawezi kusimama chini ya bomba la mvua akajisugua mgongo. Anahitaji kukaa. Wengi hudhani kiti ni kiti, mradi kina miguu minne. Mzee Futi ametumia nusu ya umri wake kuwaondoa watu katika dhana hiyo, na siyo kwa upole kila mara.

Aliajiriwa akiwa seremala wa mabenchi ya kusubiria. Viti vya kuogea aliviangukia tu, siku daktari mmoja alipomwomba apunguze miguu ya kiti cha mgonjwa na yeye akauliza mgonjwa mwenyewe yuko wapi. Hakurudi tena kwenye mabenchi. Jina la Futi alipewa na wauguzi kwa sababu ya ile futi ya chuma anayotembea nayo kiunoni, na sasa hata kwenye barua za ofisi limeingia kana kwamba alibatizwa nalo.

Kila anayeingia stoo ya Mzee Futi huvua viatu mlangoni. Wafanyakazi wapya hudhani ni mambo ya usafi. Mkurugenzi mmoja aliyekuja kujitambulisha alivua viatu vyake vinavyong'aa, na kidole gumba kikachungulia kwenye tundu la soksi kuwasalimu waliokuwepo. Mzee hakucheka. Alimkalisha, akampima goti, akamwambia: "Bosi, ukizeeka wewe ni sentimita arobaini na tatu. Usimkubalie mtu akupe zaidi." Mkurugenzi yule alihama zamani, lakini nasikia namba yake bado anaikumbuka.

Sheria hiyo ina chanzo chake, na chanzo hicho hakichekeshi. Kipimo kikuu cha kiti cha kuogea ni kutoka nyuma ya goti hadi sakafuni. Nyayo zikikanyaga sawasawa, mtu ametulia. Zikining'inia, makalio huanza kuteleza mbele, na sabuni humalizia kazi. Katika mwaka wake wa pili stooni, Mzee Futi alimpima mama mmoja mshonaji, mama huyo akiwa na viatu vyake vya soli nene. Kiti kikatoka kizuri, kikasifiwa. Lakini bafuni hakuna anayeoga na viatu. Mshonaji aliteleza siku ya tatu akavunjika mkono wa kulia, mkono wa mkasi. Mwenyewe alimsamehe wiki ileile. Mzee hajajisamehe hadi leo. Kile kiti kiko rafu ya juu kabisa. Hakigawiwi, hakivunjwi, na kila mfanyakazi mpya huoneshwa kabla hajaoneshwa kitu kingine chochote. Mimi nilioneshwa miaka kumi na moja iliyopita, na ninapopita chini ya rafu ile bado naangalia miguu yangu.

Tangu hapo hakuna kiti kilichotoka stooni bila kadi. Kwenye kadi kuna goti, kuna upana wa nyonga pamoja na vidole viwili kila upande, kuna upande wenye nguvu na upande uliolegea, kuna upana wa mlango wa bafu na mteremko wa sakafu kuelekea tundu la maji. Na kabla kiti hakijaondoka, Mzee hukimwagia maji ya sabuni, akakikalia mwenyewe, akajipinda kushoto na kulia kama mtu anayetafuta sabuni iliyomponyoka. Ndiyo maana nyuma ya mlango kuna suruali ya akiba. Mkaguzi mmoja alimkuta akitoka amelowa nyuma, akaandika kwenye ripoti yake kwamba watumishi wazee wa kitengo chetu waruhusiwe kwenda msalani mara nyingi zaidi.

Majumbani nako alienda. Kuna familia ambayo mkwe, kwa kutaka kuonekana, alimnunulia baba mkwe kiti kikubwa kama cha kinyozi. Kiti kina upana wa sentimita sabini, mlango wa bafu una sitini na mbili. Kwa heshima ya zawadi, mzee wa watu akaogeshwa koridoni wiki nzima, na wageni wakawa wanapitia mlango wa jikoni. Mzee Futi alipofika alisema neno moja tu, "Rudisheni," kisha akamchukua mkwe pembeni asimwaibishe. Pima mtu, pima mlango, ndipo uende dukani: hilo amelisema mara nyingi kiasi kwamba wafuaji wa mkabala hulisema kabla yake.

Sasa nimefika mahali ambapo kamati ingependa nipite haraka. Mzee ameniruhusu nisipite. Mwalimu naye ameniruhusu, kwa sharti kwamba niandike ukweli wote na nisimwonee mtu huruma.

Mwalimu ni mke wa Mzee Futi. Alikuwa mwalimu mkuu, na nusu ya watu watakaokaa ukumbini Ijumaa amewahi kuwasimamisha mstarini. Miezi mitatu iliyopita alipata kiharusi, upande wa kushoto ukalegea. Mzee hakutuambia. Alikuja kazini kwa wakati, akatania kama kawaida, ila nilianza kumwona anashika kiuno akiinuka, na nikajiambia ni uzee.

Kilichonishtua ni daftari la stoo. Ijumaa moja kiti kimetoka, Jumatatu kimerudi. Ijumaa ya pili kingine, Jumatatu kimerudi. Cha tatu vilevile. Sehemu ya jina ilikuwa tupu, na kadi hakuna. Kwa miaka kumi na moja sijawahi kuona kiti kikitoka kwa mkono wake bila kadi. Nilikaa na jambo hilo siku nne, kwa sababu mtu aliyekufundisha kazi unamwanzaje? Mwishowe nilivua viatu, nikaingia, nikamwomba kadi.

Akanitajia vipimo kama mtu anayesoma: goti arobaini na tano, nyonga thelathini na nane. Nikamuuliza vilipimwa lini. Akajibu kwamba vimo kichwani. "Miaka thelathini na minane naishi naye," akasema. "Nimpime kama mgeni?"

Nikakitazama tu kile kiti cha rafu ya juu. Naye akakitazama. Ndipo akakaa chini akanieleza yote. Kila kiti alichopeleka, Mwalimu aliteleza. Kila mara alimdaka kwa mikono yake, na mara ya mwisho walikwenda chini wote wawili, wakakaa kwenye vigae huku maji yakiwamwagikia, kwa sababu hakuna aliyeweza kumwinua mwenzake. Hakuumia mtu. Lakini tangu siku hiyo Mwalimu alikataa bafu. Alifutwa kwa kitambaa kitandani, na akawa hazungumzi mpaka kitambaa kimekauka. "Njoo wewe umpime," Mzee akaniambia. "Mimi nikishika futi, machozi yananitangulia." Mganga hajigangi; tunasema hivyo kila siku, lakini sikuwahi kumwona mganga akikiri mbele yangu, na niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa kazini. Nikikosea mimi, hakuna wa kumdaka tena. Mgongo wa Mzee ulikuwa umefika mwisho.

Jumamosi nilienda. Mwalimu alikuwa sebuleni, kilemba kimefungwa vizuri, maneno yakitoka polepole lakini yakiwa na makali yaleyale. "Umechelewa dakika kumi," akanipokea. Nikaomba radhi, nikapiga magoti, nikampima. Nikarudia hadi mara tatu. Nyonga zilikuwa thelathini na nne, siyo thelathini na nane. Mama alikuwa amepungua na hakuna aliyetaka kuliona hilo. Goti likatoka arobaini na moja.

Nilipotaja namba hiyo, Mzee alisema haiwezekani. Akasema yeye mwenyewe ndiye aliyemtengenezea Mwalimu kiti cha ofisini, siku aliyopewa ukuu wa shule, na kilikuwa arobaini na tano kamili, akakikalia miaka yote hiyo. Kisha akageuka kutazama mlangoni. Karibu na mlango palikuwa na viatu vyeusi vya Mwalimu, vile vya kisigino alivyoendea shule kila siku ya maisha yake ya kazi. Vilikuwa vimepigwa rangi. Miezi mitatu havijavaliwa, na Mzee alikuwa anavipiga rangi kila Jumapili.

Aliviangalia muda mrefu. Mwalimu naye akaviangalia. "Futi," akamwita, "ulinipima na viatu." Akaanza kucheka, kicheko cha upande mmoja wa mdomo, mpaka Mzee naye akacheka huku anajipangusa macho kwa kiganja.

Tulichagua kiti siku ileile. Tulichukua chenye egemeo la nyuma na mikono pande zote mbili, kwa sababu akichoka huinamia kushoto. Mkono wa kulia wa kiti hukunjika, aweze kuingilia upande wenye nguvu. Miguu tukaishusha hadi arobaini na moja, isipokuwa mmoja wa upande wa tundu la maji, tuliourefusha kwa tundu moja la kurekebishia ili kufidia mteremko. Raba za miguuni tukaweka mpya. Bomba la mvua la kushika mkononi lilikuwa limetundikwa kushoto, ambako Mwalimu hawezi kulifikia; tulilihamishia kulia, na ilitubidi tumtoe fundi bomba kwenye chakula chake cha mchana. Kisha nikamwaga maji ya sabuni nikakikalia, nikajipinda huku na huku, Mwalimu akinitazama kutoka mlangoni kama mtu anayesahihisha mtihani. Nilirudi nyumbani nimelowa, nikijifunza kwa nini suruali ya akiba ni sehemu ya kazi.

Jumapili tangu alfajiri simu haikutoka mkononi. Nilikuwa nikipitia vipimo kichwani, nikikumbuka raba ya mguu wa nyuma, nikijiuliza kama niliisukuma mpaka mwisho. Saa tano asubuhi ikaita. Mzee alikuwa ananong'ona. Nikamuuliza yuko wapi, akasema koridoni. Nikamuuliza Mwalimu yuko wapi, akasema bafuni. Nikamuuliza kwa nini amemwacha.

"Amenifukuza," akasema. "Amekaa, nyayo zote chini, akaniambia nitoke, nirudishie mlango." Kisha akaielekeza simu mlangoni, nikasikia maji yakimwagika, yakakatika, yakamwagika tena. Mtu anayeogeshwa maji yake hayakatiki hivyo.

Jumatatu saa tatu asubuhi, bila Mzee, atakuja mtu wangu wa kwanza: baba wa makamo mwenye nyonga mpya na binti zake wawili ambao tayari wamekwisha kutazama kiti dukani. Naogopa. Nilimwambia Mzee kwamba naogopa, nikitaraji anitie moyo. Akasema vizuri, niendelee hivyohivyo, siku nitakayoacha kuogopa nikapande nikakitazame kile kiti cha juu. Funguo nitazipokea, viatu nitaviacha mlangoni.

Kwa niaba ya wauguzi, wataalamu wa mazoezi, wafuaji wa mkabala, na watu wote waliooga wakatoka salama bila kujua ni nani aliyekilowanisha kiti kabla yao, Mzee wetu, asante. Saa ya ukutani utakayopewa Ijumaa usiipime, imeshatundikwa mara mbili kwa majaribio. Msalimie Mwalimu. Tunawaombea afya na miaka mingi ya kukaa pamoja, na wewe tunakutakia asubuhi nyingi za kusimama kwenye ile korido, mlango umerudishiwa, ukiwa huna la kufanya.