Lenga-lenga Zilizokataa Ugonjwa

Ndugu zangu katika Bwana, amani iwe kwenu. Wengi wenu mmekula lenga-lenga, yaani mchicha, za shamba langu la Makobola. Leo nataka mjue zilivyopatikana.

Uhuru ulikuwa ungali mpya vita vya uasi vilipotufikia. Mume wangu akauawa barabarani. Miye na mama mkwe tukapanda milima na watoto; watu wa ng'ombe wakatupokea, wakatupa maziwa. Tuliporudi nyumba ilikuwa majivu, mihogo imeng'olewa yote. Tukapanda lenga-lenga, maana inakomaa upesi.

Ndugu zangu, nawaambia, ilipofika magotini ikashikwa na ugonjwa. Vipele vyeupe vilitoka chini ya majani, shamba lote likanyauka. Mashina machache tu karibu na mfereji yalibaki mazima. Nikaenda na kisu. Mama mkwe akanishika mkono.

"Weye, hizo usikate. Ziache zizae mbegu."

"Na watoto watakula nini?"

"Mungu iko."

Nililia, lakini nikamtii.

Nikapanda mbegu zile. Nyingine zikasimama, nyingine zikaugua kama mwanzo. Nikasema basi, hata udongo umetukataa. Ndipo akapita agronomi mmoja, mtaalamu wa kilimo. Alichuchumaa, akageuza majani.

"Mama, mbegu iko na mama na baba. Mama yake alikuwa mzima, lakini unga wa maua upepo uliuleta kutoka kwa wagonjwa. Nguvu ya kukataa ugonjwa inarithiwa, kama vile mtoto anarithi pua ya babu yake. Ng'oa wagonjwa wote kabla hawajatoa maua. Na wa jirani pia."

Wa jirani! Yule alikuwa mjane kama miye, na majani yale ya vipele ndiyo mboga aliyokuwa nayo. Nilisimama kwenye uzio wake. Mwishowe nikamweleza. Akawatazama wanawe.

"Zako zikipona, utanigawia mbegu?"

"Utapata kabla yangu mwenyewe."

Akaingia shambani, akaanza kung'oa. Nikaingia kumsaidia, tukiwa tunalia wote wawili. Siku hiyo watoto wake na wangu walikula sahani moja, ugali na samaki wadogo wa ndagala.

Msimu uliofuata mimea iliyougua ilikuwa michache, tukang'oa tena. Uliokuja baadaye, nikageuza jani baada ya jani: safi! Nikakimbia kumwita jirani, nimesahau hata kuvaa viatu.

Namshukuru Mungu. Namshukuru mama mkwe, aliyekwisha lala, na yule agronomi, na watu wa milimani waliotupa maziwa. Na jirani yangu ameketi hapo. Simtaji, ana haya. Ndugu zangu, ugonjwa ukipita kwako, tafuta kilichobaki kimesimama, ukilinde hata kama una njaa. Wala usikilinde peke yako, maana upepo haujui uzio.

Jirani yangu ameleta mbegu, ziko kwenye kibuyu pale mlangoni. Mkitoka, kila mtu achote.