Ukuta Mweusi wa Ghala Namba Mbili

Bi. Edinah Wekoye anastaafu tarehe 30 Juni baada ya kuyatumikia maghala yetu ya nafaka kwa miaka thelathini na mmoja: tisa Bungoma, ishirini na miwili hapa Kitale. Mimi Waithera, karani mwenzake, nimeombwa niandike kwa furaha. Nitajaribu.

Edinah alipima unyevu wa mahindi kwa chupa ya soda na chumvi kidogo. Anatia punje, anatikisa. Chumvi ikinata kwenye kioo, rudi nayo ukaanike. Kuna mheshimiwa mmoja alileta trela nzima akageuzwa langoni na hiyo chupa. Tulicheka wiki nzima.

Kifua chake hakikucheka. Tangu paa la Ghala Namba Mbili lianze kuvuja, ukuta ulio nyuma ya meza yake umeota kuvu jeusi. Edinah akawa anakohoa, macho yanamwasha, pumzi inakata. Na sisi, aibu yetu, tukamwambia ati ni baridi ya Kitale, mtu wa Bungoma ajifunge sweta. Akavaa mbili. Akienda likizo Bungoma anapona, nasi tunasema, si tulikwambia?

Mwaka juzi alikwenda likizo kwa bintiye Kapsokwony, juu mlimani, ambako baridi ni kali kuliko yetu. Hakukohoa hata mara moja. Jumatatu alirudi sweta mkononi, akaenda moja kwa moja kwa meneja kumwambia si baridi, ni ukuta. Daktari naye akaandika hivyo hivyo: vumbi la kuvu limemuumiza mapafu.

Jibu la ofisi lilikuwa nini? Rangi! Kila wakaguzi wakikaribia, ukuta unapakwa krimu, na mvua ikinyesha weusi unatokeza tena. Nimeona hivyo mara saba. Huko nje uwanjani, kibarua wetu Ngige alikuwa akigeuza mahindi yaliyonyeshewa bila hata kitambaa puani. Alipata pumu, akarudishwa kwao Moi's Bridge. Naye walimwambia ni baridi. Baridi gani bana, Januari saa sita mchana?

Edinah aliandika barua kumi na moja kuhusu paa hilo. Nakala zimo kwenye faili kabatini mwangu, na sasa zenyewe zimeota kuvu.

Familia ngapi zimekula ugali salama kwa sababu mama huyu alikataa mahindi mabovu? Aliwalinda wote hao. Yeye hakulindwa na mtu, na hilo linaniuma.

Wakubwa walitaka tumuage hotelini. Edinah aliomba kitu kimoja tu: sherehe ifanyike Ghala Namba Mbili, hotuba zote, na ukuta usipakwe rangi. Viti vya wageni waheshimiwa tumevipanga karibu na ukuta huo. Karibuni mketi, mvute pumzi.

Mama Edinah, asante sana. Nenda nyumbani kwako Bokoli ukapumue, na kifua kikuwie chepesi siku zote. Zawadi tumekuandalia, lakini sweta tumekataa kukununulia.