Kilicholala kwa Mama

Basi la Apia lilijaa, kwa hiyo Pelenato alipakatwa na mzee asiyemjua, kama ilivyo ada ya mabasi ya Samoa. Masina, abiria aliyebanwa kando yao, alitega sikio Pelenato akimweleza mzee shida yake.

"Kliniki wanasema jeni inayounda mikia ya mbegu zangu ni mbovu. Nimeirithi kwa mama."

"Kwani mama yako ana mbegu za kiume, mwanangu?"

"Hana, mzee. Kwake imelala tu."

"Sasa kilicholala kiliharibikaje?"

Masina naye hakuelewa, ila alizidi kuinama.

"Na mkeo?"

"Mzima. Miaka sita mama anamwita tasa."

Basi likasimama. Mama yake Pelenato alikuwa akimngoja kituoni na chupa ya majani yaliyochemshwa.

"Mpe huyo tasa wako," alisema, "anywe yote."